Mota Imekufa: Ifufuliwe au Inunuliwe Nyingine?

Kuna kanuni inayosafiri pamoja na mota za boti popote ziuzwapo: gharama ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya mota mpya, iache, nunua mpya. Inamfaa mtu mwenye duka la vipuri mtaa wa pili, akaunti yenye mkopo na bima ya chombo. Mwenye mtumbwi wa Kalundu au Mulongwe, hapa Uvira, hana hata kimoja kati ya hivyo vitatu, na bado utamsikia mtu akimpa ushauri wa nusu bei kana kwamba umeandikwa kwenye msahafu.

Mwambao huu wa kaskazini ya Ziwa Tanganyika una hesabu zake. Ukiangalia chuma peke yake, mota nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa zinastahili kufufuliwa, tena kwa faida. Hesabu inaharibika mahali pengine: katika namna mwenye chombo na wavuvi wake wanavyogawana pato, na zaidi namna wanavyogawana hasara. Tuanze na chuma.

Maji ya Tanganyika ni matamu. Mvuvi wa Zanzibar au Mombasa akifungua mota ya miaka mitano hukuta chumvi imekula njia za maji, boliti zimeshikana na kasha la alumini, na pengine zinakatikia humohumo ndani. Fundi wa huko anajua kwamba hata akiweka pistoni mpya, kasha limeshadhoofika. Uvira boliti hufunguka. Mota ya miaka kumi na tano ikivuliwa kifuniko, kasha lake mara nyingi ni zima, na kilichochakaa ni vile vitu vilivyotengenezwa vichakae: ringi, beringi, sili, pampu ya maji. Ziwa hili lina ushahidi mkubwa kuliko mota yoyote. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isiangukie mikononi mwa maadui, na kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, mitambo ikiwa ileile. Chumvi ingeiacha hivyo?

Sababu ya pili ya kufufua ni aina ya mota zenyewe. Ukipita ufuoni kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, nyingi utakazoziona ni Yamaha Enduro, za nguvu farasi 15 kwa mitumbwi midogo na 40 kwa vyombo vikubwa zaidi. Ni mota za mipigo miwili, silinda mbili, kabureta, kamba ya kuvuta kwa mkono. Hazina kompyuta. Marekani na Ulaya zilizifungia soko mota za namna hii katika miaka ya 2000 kwa sababu ya moshi na mafuta yanayomwagika majini, lakini Wajapani wameendelea kuziunda kwa ajili ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wachina nao, kina Parsun na Hidea, wameziiga kiasi kwamba vipuri vingi vya upande mmoja vinaingia upande wa pili. Kwa hiyo katika ufuo wenye mota kumi zilizokufa, huwa kuna vipuri vya kufufua tatu au nne. Mafundi wa hapa wanaishi kwa ukweli huo.

Sasa, mota inakufaje? Hili ni swali ambalo wenye vyombo hulipita haraka mno, nalo ndilo linaloamua kila kitu baada yake. Mota iliyofufuliwa bila kujulikana kilichoiua itakufa tena kwa ugonjwa uleule, na fundi atalaumiwa kwa kosa la mchanga.

Maana mchanga ndio muuaji wa kwanza. Milima ya Mitumba inasimama wima juu ya mji, imevuliwa miti, na mvua kubwa ikinyesha mito inashusha udongo na mawe moja kwa moja ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifanya hivyo kwa ukali uliobomoa nyumba na kuua watu kwa makumi. Halafu ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2024 maji yaliingia katika bandari ya Kalundu na mitaa ya ufuoni. Mota inapowashwa kwenye maji ya kina kifupi yenye matope, pampu inavuta mchanga, na ile impela ya mpira, ambayo ni ndogo kiasi cha kukaa kiganjani, inasagika mabawa. Dalili yake iko wazi: kijito cha maji kinachotoka nyuma ya mota kinadhoofika, kinakuwa matone, kinakata. Mvuvi anachukua njiti ya mwavuli, anazibua kitundu, matone yanarudi, anaendelea na safari. Mara nyingine tatizo lilikuwa kitundu kweli. Mara nyingine impela imekwisha, silinda ya juu inachemka, pistoni inavimba na kushikana na ukuta wa silinda. Mota inanyamaza ghafla kama taa iliyokatiwa umeme. Kipuri cha dola chache kimeua mota ya maelfu.

Muuaji wa pili anauzwa kwenye vibidoni. Petroli ya kina Kadafi, wauzaji wa barabarani, inapitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye tangi, na si kila mkono ni msafi: ikichanganywa na mafuta ya taa, inalipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, ule mlio wa kugongagonga ambao wengine huudhani ni nguvu, mpaka siku moja kichwa cha pistoni kinatoboka. Halafu kuna oili. Mota hizi hazina oili yake peke yake. Zinategemea ile iliyochanganywa na petroli, lita moja kwa lita hamsini. Anayechanganya kwa kukadiria kwa jicho, gizani, kwa kutumia chupa ya bia ya Primus iliyokatwa, huku bei ya oili imepanda, atakosea upande mmoja tu. Wapo pia wanaotia oili ya injini ya gari, ambayo haikuundwa iungue, ikaacha masizi kwenye plagi na kugandisha ringi.

Wa tatu ni mzigo, naye hupuuzwa kwa sababu haachi alama inayoonekana. Hapa tuko mita 770 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mota ya farasi 40 inapoteza kama asilimia saba au nane ya nguvu zake kabla haijasukuma chochote. Ongeza boti ya mbao iliyonyonya maji, magunia ya mihogo na abiria arobaini, halafu propela ileile iliyokuja na mota kutoka kiwandani, iliyokusudiwa boti nyepesi. Mota inakoroma kwa mzunguko wa chini, kabureta wazi kabisa, siku nzima. Propela yenye mkato mdogo zaidi ingeipunguzia mateso, lakini katika ufuo huu propela hubadilishwa ikivunjika tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei yoyote, mota ipimwe. Kipimo cha mgandamizo hakigharimu kitu kikubwa, na fundi asiyekuwa nacho atumie hata kidole gumba kwenye tundu la plagi, ingawa kidole hakisemi namba. Silinda mbili za mota moja zisitofautiane zaidi ya asilimia 10 au 15. Moja ikiwa chini sana, tatizo liko kwenye pistoni, ringi au gasketi yake. Zote mbili zikiwa chini kwa pamoja, mota imechoka kwa uzee. Zikiwa nzuri zote mbili na mota haiwaki, usimruhusu mtu afungue silinda: tafuta kwenye umeme wa plagi, kabureta, au sili za krankshafti, ambazo katika mota ya mipigo miwili zikivuja hewa huifanya igome kama iliyokufa kabisa. Kisha fungua boliti ya chini ya mguu, ule wenye gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ikitoka na vipande vya chuma vinavyometameta, gia zimeanza kulana. Mguu uliokufa pamoja na silinda zilizokufa ni habari nyingine kabisa, na hapo hata mimi ninayependa kufufua nasema iuzwe kwa vipuri. Kimoja kati ya viwili kikiwa kizima, mazungumzo yaendelee.

Kufufua kwenyewe kuna namna mbili, na jina lake moja ndilo linalowapotosha wengi. Namna ya kwanza ni kubadilisha ringi tu. Fundi anafungua asubuhi, anakwangua pistoni kwa msasa, anatia ringi mpya kwenye silinda ileile yenye mikwaruzo, jioni mota inalia. Mwenye chombo anafurahi, analipa, na kwa wiki kadhaa anamsifu fundi. Lakini ringi mpya ya duara kamili haikai kwenye silinda iliyokwisha kuwa yai. Namna ya pili ni kupeleka silinda kwenye mashine ya kuchonga, ikapanuliwa kwa robo milimita, kisha ikavishwa pistoni kubwa zaidi kwa robo milimita hiyohiyo. Safari ijayo itapanuliwa hadi nusu milimita. Baada ya hapo nyama ya silinda inakaribia kwisha na kinachobaki ni kuvisha bomba jipya, kazi ambayo si kila karakana inaiweza. Kwa lugha nyingine, mota ina maisha mawili ya ziada, na anayenunua mota iliyotumika bila kuuliza imeshapanuliwa mara ngapi amenunua asichokijua. Pistoni yenyewe huwa imepigwa muhuri wa ukubwa wake kichwani. Ni suala la kufungua na kusoma.

Krankshafti ni ngumu zaidi. Katika mota hizi imeunganishwa kwa kushindiliwa vipande kwa mashine, na ikiharibika beringi ya ndani haifunguliki kwa spana. Wapo mafundi wanaoigonga kwa nyundo na kuinyoosha kwa macho. Mota itawaka. Itatetemeka pia, na mtetemo huo utazila beringi mpya kabla ya mwaka kwisha. Ikiwa krankshafti imekwenda na hakuna nyingine iliyo nzima ya kubadilisha, bei ya kufufua inaruka ghafla, na hapo ile kanuni ya nusu bei inaanza kusema kweli.

Niseme kidogo kuhusu mota iliyozama, kwa kuwa dhoruba za ziwa hili huzamisha nyingi, na mota nyingi hufa zikiwa nchi kavu baada ya kuopolewa zikiwa bado hai. Maji matamu hayaziui kwa saa chache. Hewa ndiyo inayoziua: beringi zilizolowa zinaanza kushika kutu mara tu zinapokutana nayo. Kama fundi yuko karibu, itolewe, plagi zifunguliwe, maji yamwagwe, petroli na oili zipitishwe ndani na iwashwe siku hiyohiyo. Kama hayupo, ni afadhali iachwe ndani ya pipa la maji mpaka afike. Mwenye mota anayeianika juani ikauke, kwa uchungu wote alionao, anaimalizia.

Sasa hesabu. Nitatumia namba za mfano, na kila mtu aweke zake. Tuseme mota mpya ya farasi 40 ni dola 3,500 na itafanya kazi miaka sita. Kufufua kikamilifu, yaani kuchonga silinda, pistoni, ringi, beringi, sili na impela, ni dola 1,000 na kutaipa miaka miwili. Kubadilisha ringi tu ni dola 400 na kutaipa miezi mitano. Kwa mwaka, mota mpya inakula dola 583, ya kufufua kikamilifu 500, na ya ringi tu 960. Ile iliyoonekana rahisi siku ya kulipa ndiyo ghali kuliko zote, nayo ndiyo inayochaguliwa mara nyingi zaidi, kwa sababu dola 400 zinapatikana kwa likelemba, yaani mchango wa zamu, ya mwezi mmoja na 1,000 hazipatikani.

Tuongeze siku za kukaa bure. Kila usiku wa uvuvi uliopotea tuuhesabu dola 30 kwa mwenye chombo. Kusubiri mota mpya, usiku kumi. Kusubiri mashine ya kuchonga na vipuri kutoka Bujumbura au Kigoma, usiku kumi na tano. Ringi tu, usiku mitatu, lakini zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mota mpya inafika dola 633 kwa mwaka, ya kufufua 725, ya ringi 1,176. Hapo mota mpya inashinda, na muuzaji angependa tuishie hapo. Ila hatujahesabu wizi. Mota huibwa ufuoni na huporwa ziwani, na bima hakuna. Tuseme kuna nafasi moja kati ya kumi kila mwaka kwamba itaondoka. Mota mpya, ambayo thamani yake ya wastani katika miaka sita ni kama dola 2,000, inaongezewa 200. Ya kufufua, yenye thamani ya 1,200, inaongezewa 120. Sasa ni 833 kwa 845. Tofauti ya dola kumi na mbili kwa mwaka, yaani hakuna tofauti.

Hicho ndicho hesabu inachotufundisha: ukishaondoa ujanja wa ringi tu, bei haiamui. Kinachoamua ni mambo ambayo hayamo kwenye risiti.

La kwanza ni mwezi. Uvuvi wa ndakala na migebuka hapa ni wa taa: katamarani, yaani mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti na wavu wa kuinua katikati, inakwenda usiku wa giza, inawasha taa, samaki wanakusanyika. Mwezi ukijaa, taa hazina nguvu tena, na ufuo mzima unatengeneza nyavu. Mota ikifa siku tatu kabla ya mwezi mpevu, wiki nzima ya kwanza ya kusubiri silinda ichongwe inapita bila kupoteza karibu chochote. Ikifa giza likianza, kila usiku ni hasara, na hapo hata mtu mwenye akili timamu ananunua ringi. Ushauri wangu kwa mwenye katamarani ni kwamba siku ya giza akope au akodi mota ya farasi 15 ya jirani, hata kwa bei mbaya, asubiri mwezi mpevu ndipo aifufue yake sawasawa. Eneo lenyewe linamruhusu: ziwa linakuwa na kina kirefu haraka karibu kabisa na ufuo, wavuvi hawaendi mbali sana, na mota ndogo inatosha kuwafikisha hata kama ni polepole. Kwa sababu hiyohiyo mota ya mvuvi inalia saa chache kwa usiku. Petroli inayookolewa na mota mpya haifiki mbali.

Boti za abiria ni biashara nyingine. Barabara ya kwenda kusini, Uvira hadi Baraka, kilomita 90 hivi, wakati wa mvua inakuwa adhabu, kwa hiyo watu na mizigo ya Makobola, Mboko, Baraka na rasi ya Ubwari hupita majini. Mota ya farasi 40 ya mipigo miwili ikifunguliwa yote inakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Boti inayofanya safari ndefu karibu kila siku inachoma thamani ya mota yake kwa petroli ndani ya miezi michache, na hapo mota iliyochoka inayokula sehemu ya kumi zaidi haifai hata ikifufuliwa bure. Huyu anunue mpya, aiweke ya zamani iliyofufuliwa kuwa ya akiba ndani ya boti. Boti ya watu arobaini yenye mota moja tu, katikati ya ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470 na dhoruba zake, si suala la uchumi.

Je, anunue ya mipigo minne, inayookoa petroli kwa theluthi hivi? Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini mota ya mipigo minne ya farasi 40 inakaribia kilo 100, wakati Enduro ni kilo 70 na kidogo. Uzito huo unaonekana mdogo kwa anayeusoma. Hauonekani mdogo kwa vijana wawili wanaoivua mota kila jioni, kuipitisha katika mti na kuibeba mabegani hadi nyumbani ilale sebuleni, kwa sababu ikiachwa majini haitakuwepo asubuhi. Farasi 15 ina kilo 36 hivi na mtu mmoja anaibeba. Halafu ya mipigo minne inayopuliza petroli kwa kompyuta inataka petroli safi na fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Ikigoma Mboko, itagoma mpaka irudi Uvira.

La pili lisilo kwenye risiti ni mpaka. Vipuri na mota vinaingia kutoka Bujumbura kwa kupitia Gatumba, au kutoka Dar es Salaam kupitia Kigoma na kuvuka ziwa hadi Kalundu, ambako forodha (DGDA) na wakaguzi wa bidhaa (OCC) wana chao. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini vita havikusoma mkataba. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na waasi wa M23, kisha serikali ya jimbo ikahamia Uvira. Desemba mwaka huohuo M23 wakaingia Uvira yenyewe, na Burundi ikafunga mpaka. Katika hali kama hiyo kuweka dola 3,500 kwenye kitu kimoja kinachobebeka mabegani ni ujasiri, na wengi wanaofufua mota kuukuu hawafanyi hivyo kwa ujinga. Wanaigawa hatari: dola 300 mwezi huu, sili na impela mwezi ujao. Ikiporwa, kimeporwa chuma cha zamani.

Hata hivyo kuna la tatu lisilo kwenye risiti, nalo silitetei. Katika mfumo wa kugawana pato, samaki wakishauzwa, kwanza zinatolewa gharama za usiku: petroli, oili, chakula. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Angalia basi mota iliyochoka inamgharimu nani. Ikila lita tano zaidi kwa usiku, lita hizo zinatoka kwenye chungu cha wote. Kama wavuvi wanachukua nusu, wao wanalipa lita mbili na nusu za uchakavu wa mali isiyo yao. Ikigoma katikati ya giza, wao wanakosa riziki sawa na mwenye chombo, na kwa wengi wao riziki hiyo ni ya siku ileile. Lakini kufufua kikamilifu, au kununua mpya, kunatoka mfukoni mwa mwenye chombo peke yake. Mwenye kuamua anabeba gharama yote ya uamuzi mzuri na nusu tu ya gharama ya uamuzi mbaya. Ndiyo maana ringi zinabadilishwa, zinabadilishwa tena, na fundi anaonekana mbaya kuliko alivyo.

Na chungu chenyewe kinapungua. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kupanda kwa joto la ziwa kumepunguza uzalishaji wake kwa karibu asilimia 20, kwa kuwa maji ya juu yaliyopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Nchi nne za ziwa zinatafuta kulipumzisha; Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu ya kufungwa ni nafasi nzuri kabisa ya kufufua mota, kasoro kwamba ni miezi mitatu bila pesa ya kulipa fundi. Anayenunua mota mpya leo kwa hesabu ya miaka sita anaweka dau kwamba ndakala watakuwepo miaka sita, miezi yote. Mimi ningeweka dau la miaka miwiliwili, ambalo ndilo dau la silinda iliyochongwa.

Kinachowezekana bila kusubiri serikali wala mradi ni kuiingiza mota kwenye gharama za usiku, pamoja na petroli. Kila usiku wenye samaki, kabla ya kugawana, kitolewe kiasi kidogo cha mfuko wa mota, kishikwe na mtu ambaye si mwenye chombo wala nahodha, na kibadilishwe kuwa dola, noti safi zisizochanika, maana muuza vipuri wa Bujumbura hapokei zilizochanika. Wavuvi watapinga mwanzoni. Kipato chao cha usiku kitapungua. Mwenye chombo naye atapinga, kwa sababu wavuvi wakishachangia watataka kuona daftari: impela ilibadilishwa lini, silinda imepanuliwa mara ngapi, nani alichanganya oili. Watakuwa na haki ya kuuliza pia kwa nini fundi aliambiwa atie ringi tu.

Vilevile fundi apewe masharti anayoweza kuyatimiza. Garanti ya mdomo ya miezi sita haina maana ikiwa mwenye mota atatoka usiku wa kwanza na kuifungua yote. Mota iliyochongwa inahitaji kulelewa kama mpya: kwa saa kumi za kwanza, lita moja ya oili kwa lita ishirini na tano za petroli, mwendo wa wastani, mzigo mdogo, na kupumzishwa. Hizo ni safari mbili tatu za karibu, kabla giza halijarudi. Fundi awemo ndani ya mtumbwi katika safari ya kwanza, na malipo yake ya mwisho yatolewe wakisharudi ufuoni.